Simu nzito, bando halikai, akaunti inanitoa: nianzie wapi?

Kibanda changu kipo Ngamiani, Tanga, kwenye zile barabara zetu za namba. Zamani kazi ilikuwa kubadilisha vioo na sistimu za chaji. Siku hizi wengi wanaokuja simu zao hazina kilichovunjika. Anaiweka mezani, anasema, "Fundi, imekuwa nzito hii, hebu nisafishie." Kabla sijainyanyua, mwenyewe ameshabonyeza kitufe cha mraba na anazifyagia programu kwenda juu, fyu, fyu, fyu, kama apepetaye mchele. Nikimuuliza hufanya hivyo mara ngapi, anajibu kwa fahari: kila ninapoishika.

Sasa hapo ndipo penye kazi, kwa sababu kuna vitu vitatu vinachanganywa. Kuna zile picha zinazojipanga ukibonyeza mraba. Hizo ni alama za ulikopita tu. Zima simu, iwashe, bonyeza mraba: kwenye simu nyingi utazikuta palepale ilhali hujafungua hata moja. Kuna kazi ya chinichini, yaani programu inayoendelea kupokea, kupakia au kukutafuta ulipo wakati hata hujaitazama. Halafu kuna sesheni: ule muda ambao tovuti inakutambua tangu ulipoingia kwenye akaunti mpaka utakapotoka. Sesheni haikai kwenye zile picha, na ukizifyagia usiku kucha haifungiki. Dalili nilizoziandika hapa nimezipanga jinsi wateja wanavyozisema.

"Nikienda kusoma namba ya uthibitisho, nikirudi fomu imefutika"

Hii ndiyo inayowaliza watu. Dada mmoja alikuja kutoka Chumbageni macho mekundu. Alikuwa anajaza fomu ya maombi kwenye Chrome, yaani kivinjari, programu ya kufungulia tovuti. Tovuti ikamtumia namba ya uthibitisho kwa meseji, akatoka kwenda kuisoma. Aliporudi ukurasa ukazunguka kidogo, kisha fomu ikaja tupu. Akaanza upya. Mara tatu. Mara ya tatu hata namba ilikuwa imeshaisha muda wake.

Simu yake ilikuwa na RAM ya GB 2. Watu husikia "GB" wakafikiri ni ile ile nafasi ya kuwekea picha. Sivyo. Itazame meza yangu: kabatini naweza kuwa na simu hamsini za wateja, lakini mezani zinaenea tatu zilizofunguliwa mifuniko. Ya nne ikija lazima moja irudi kabatini, na nikiitoa tena nianze kukumbuka nilifika skrubu ya ngapi. Kabati ni nafasi ya kuhifadhia, meza ndiyo RAM. Android ikiona meza imejaa huondoa yenyewe kitu ambacho hukitazami kwa wakati huo, na ukurasa wa kivinjari ulioachwa nyuma huondolewa mapema. Ukirudi, Chrome inauita ukurasa upya kutoka mtandaoni. Yale uliyoyaandika bila kuyatuma yameondoka na meza.

Kwa hiyo dawa ya kwanza ni kutotoka. Meseji ikiingia, vuta pazia la arifa kutoka juu, isome namba humo humo, pandisha pazia. Kivinjari kinakuwa bado kiko mbele. Simu nyingine huileta namba yenyewe juu ya kibodi. Iguse tu, ijiandike. Yule dada nilimwonyesha hilo peke yake, na fomu ikapita pale pale kibandani.

Fomu yenye maelezo marefu iandike kwanza mahali pengine, kwenye programu ya kuandikia kumbukumbu au hata kwenye meseji ya kujitumia mwenyewe, kisha nakili na kubandika. Na kabla hujaifungua, ondoa vile vinavyochukua meza kubwa: mchezo, TikTok, kamera, ramani. Hapa ndipo kufyagia kunapokuwa na maana, dakika hiyo na kwa hizo nzito tu. WhatsApp iache ilivyo.

Kisha tazama kile kisanduku chenye namba karibu na anwani ya tovuti. Chrome ya Kiswahili inaviita vichupo. Kibandani tunasema tabu, na kweli ni tabu. Ukipitisha tisini na tisa, Chrome ya Android inaacha kuhesabu na kukuchekea kwa alama ya :D. Nimeshaona nyingi zinazocheka. Lakini niseme kweli: kichupo ulichokifungua mwezi uliopita hakiko mezani, kimebaki anwani na kijipicha. Vinavyobanana ni vile unavyorukaruka kati yake leo. Funga vya leo kwanza. Vya zamani vifunge kwa sababu nyingine, ya kwamba huwezi kukipata unachokitafuta. Wenye iPhone, Safari inaishia vichupo 500, na kwenye mipangilio yake unaweza kuiambia ijifungie yenyewe vichupo vya siku, wiki au mwezi uliopita.

Kama simu yako ina GB 4 au 6 na bado kila ukitoka programu inaanza mwanzo, usilaumu RAM. Nenda kwenye mipangilio ya wasanidi programu, ile inayofunguka kwa kugonga namba ya toleo (build number) mara saba. Humo kuna swichi inayoamuru simu isihifadhi shughuli yoyote ukishaitoka, na chini yake kuna kikomo cha idadi ya programu za chinichini. Mara nyingi ni mdogo wa mwenye simu aliyeona video ya "kuongeza spidi" akawasha vyote viwili. Rudisha kikomo kwenye hali ya kawaida, zima ile swichi, na kama hujui mipangilio hiyo ni ya nini, izime yote. Ni ya watengenezaji wa programu, haikuwekwa kwa ajili yetu.

Na kama tatizo si kuanza upya bali programu kujifunga ghafla, nyingi kwa pamoja, siku moja, tazama Play Store kabla ya kufuta chochote. Machi 2021 simu za Android duniani zilipata balaa hilo. Gmail na programu nyingine zilikuwa zinaanguka kila zikifunguliwa, na chanzo kilikuwa toleo bovu la Android System WebView, kile kipande kinachozisaidia programu kuonyesha kurasa za tovuti ndani yake. Dawa ilikuwa kusasisha kipande hicho pamoja na Chrome. Walioikimbilia hatua ya kufuta simu nzima walipoteza picha zao bure.

"Nimezifunga zote na betri bado inakwisha"

Inakwisha kwa sababu unazifunga zote. Programu iliyopumzika mezani haitumii umeme wa maana. Ukiifuta kisha ukaifungua baada ya dakika tano, simu inalazimika kuijenga kutoka kabatini, prosesa ikikimbia, na hapo ndipo chaji inapokwenda. Ni kama mama anayezima jiko la mkaa kwa maji kila akitoa sufuria moja.

Fungua sehemu ya betri kwenye Setingi, utazame matumizi kwa kila programu. Unachotafuta si ile ya juu kabisa, maana kama umetazama video saa nne ni haki yake kuwa juu. Tafuta ile ambayo muda wake wa kioo ni dakika chache lakini muda wake wa chinichini ni masaa. Hiyo ndiyo mwizi. Nilizowahi kuzikamata ni tochi yenye matangazo, kibodi ya mapambo, na zile programu za kusafisha simu. Ndiyo, hizo za kusafisha. Ili zikuonyeshe kila saa kwamba simu "imechafuka" lazima zenyewe zikeshe macho. Nikiikuta kwenye simu ya mteja namwomba ruhusa ya kuitoa, na akikataa sibishani, ila namwambia asirudi na lalamiko lile lile.

Ukishamjua mwizi, mwekee kizuizi kwenye ukurasa wake wa betri. Kama huihitaji programu hiyo kabisa, iondoe. Kuanzia Android 9 ya mwaka 2018 simu yenyewe hujifunza ni programu zipi huzigusi na kuzibana, kwa hiyo ipe siku kadhaa baada ya simu mpya au baada ya kufuta kila kitu. Usiipime siku ya kwanza.

Kuna sababu nyingine ambayo haiko kwenye orodha ya programu. Wavuvi wanaotoka Kigombe na walio baharini husema betri inakufa wakiwa hawajaigusa simu. Mtandao ukiwa hafifu, simu inapaza sauti kuutafuta mnara, na kupaza sauti kunakula. Ukiwa mahali pasipo na mtandao kabisa, iweke hali ya ndege, itakufaa kuliko kufyagia lolote.

"Meseji za WhatsApp zinaingia nikiifungua tu"

Hii ni kinyume cha ile iliyotangulia, na mara nyingi ni mtu yule yule. Kaambiwa betri inaliwa, kabana kila kitu, sasa analalamika wateja wake wa mikate ya ajemi wanaagiza asubuhi na yeye anaona adhuhuri.

Android ina usingizi wake tangu toleo la 6, mwaka 2015. Simu ikiwa imelala mezani, kioo kimezimwa na haipo kwenye chaji, kazi za chinichini zinarundikwa zisubiri zamu. Lakini ujumbe wa haraka unaruhusiwa kupita, kwa hiyo usingizi huo peke yake hauicheleweshi WhatsApp. Tatizo ni nyongeza. Kampuni nyingi za simu zimeweka ulinzi wao wa betri juu ya ule wa Android, mkali zaidi, na baadhi ya simu hata ukifyagia programu kwenda juu zinaichukulia kama umeilazimisha kusimama. Programu iliyolazimishwa kusimama haipokei kitu mpaka uifungue tena kwa mkono wako. Ndiyo maana meseji zote zinamwagika ukiigusa.

Anza kwa kuacha kuifyagia. Kisha kwenye Setingi, programu, WhatsApp, betri, chagua isiwekewe kizuizi. Kama ni Samsung, tazama pia orodha ya programu zilizolazwa na zile za usingizi mzito, uitoe humo. Simu nyingine zina swichi ya kuruhusu programu ijiwashe yenyewe; iwashe. Nyingine ukishikilia picha ya programu kwenye ule mraba unaweza kuifunga kufuli, ili hata ukizifyagia zote yenyewe ibaki. Fanya hivyo kwa programu mbili au tatu zinazokuletea riziki. Ukizifungulia zote umerudi kwenye lalamiko la betri.

Angalia pia kama umewasha kiokoa data bila kuiweka WhatsApp kwenye walioruhusiwa. Kwenye Android 13 na kuendelea, programu mpya lazima ikuombe ruhusa ya kutuma arifa, na watu wengi hugusa kukataa wakiwa na haraka ya kuitumia.

"Nimeweka bando asubuhi, saa sita limekwisha"

Mtu anasema, "Wameniibia." Huenda. Lakini kabla ya kwenda kugombana na mtu, tuulize simu kwanza, kwa sababu yenyewe inaandika kila kitu. Setingi, mtandao, matumizi ya data. Chagua programu iliyo juu, utaona mafungu mawili: iliyotumika ukiwa unaitazama, na iliyotumika chinichini. Fungu la pili likiwa kubwa, umeshapata jibu.

Hapa kwetu mkosaji wa kwanza ni picha. Google Photos ikiruhusiwa kutumia data ya simu, harusi moja ya Jumamosi inapakiwa yote na bando la wiki linakwenda nayo. Wa pili ni WhatsApp: fungua sehemu yake ya hifadhi na data, ondoa video kwenye upakuaji wa kiotomatiki unapotumia data ya simu, na nakala rudufu zingoje Wi-Fi. Magrupu ya familia yana video za dua, za vichekesho na za kampeni, na zote zinashuka hata usipozigusa. Wa tatu ni Play Store kusasisha programu. Iambie ifanye hivyo kwa Wi-Fi pekee.

Ila hiyo "Wi-Fi pekee" ina mtego. Kijana mmoja wa chuo alikuwa anatumia kile kidude cha mfukoni cha Wi-Fi chenye laini ndani yake. Simu haijui kwamba nyuma ya Wi-Fi hiyo kuna bando la kununua. Inaona Wi-Fi, inafurahi, inapakua masasisho yote, inapandisha picha zote. Kwenye Android nenda kwenye jina la Wi-Fi hiyo, fungua maelezo yake, uitie kwenye fungu la mtandao unaopimwa. Kwenye iPhone, gusa herufi ya i mbele ya jina la Wi-Fi, uwashe hali ya data kidogo. Huyo kijana hakuwa na programu mbaya hata moja.

iPhone ina pia swichi ya kuzuia programu zisijisasishe chinichini, ndani ya mipangilio ya jumla. Usiizime yote. Zima moja moja.

"Inachemka mpaka siwezi kuishika"

Swali langu la kwanza huwa: simu ilikuwa wapi? Dereva wa bodaboda anaifunga kwenye usukani kuanzia Kange mpaka Raskazone, jua la Februari limesimama kichwani, ramani imewashwa, mwanga wa kioo umepandishwa mwisho, waya wa chaji umechomekwa, na simu imevalishwa gamba zito la plastiki. Hapo hakuna programu ya kufuta. Apple wenyewe wanasema iPhone itumike kwenye joto la nyuzi 0 hadi 35, na kitu cheusi kinachopigwa na jua la kaskazi huku kinachaji kinazipita hizo bila kujitahidi. Simu ikizidiwa inajipunguza mwendo, inafifisha kioo na kukataa chaji. Inajilinda. Vua gamba, chaji ukiwa kijiweni kivulini, na ukishaijua njia zima ramani, Sahare haijahama.

Kama imechemka mfukoni, imelala, hujaigusa, hilo ni jambo jingine. Rudi kwenye orodha ya betri umtafute mwizi. Kwenye Android 13 na zaidi, ukishusha pazia la juu mpaka chini utaona idadi ya programu zinazofanya kazi muda huo, ukiigusa unaweza kuzisimamisha papo hapo. Tazama pia ni programu gani imeruhusiwa kujua ulipo wakati wote, na uibadilishe iwe wakati unaitumia tu. Na kama betri imevimba, mfuniko umeinuka hata kidogo, acha kusoma, izime, usiichaji tena, mpelekee fundi.

"Inaniambia ina virusi kumi na tatu"

Haina. Uliingia kwenye tovuti ya kutazama mpira au kupakua wimbo, ikakuambia gusa kuruhusu ili uthibitishe kuwa wewe si roboti. Ulichoruhusu ni arifa. Tangu hapo tovuti hiyo inakutumia chochote inachotaka kupitia Chrome, hata ukiwa umefunga vichupo vyote.

Shikilia arifa yenyewe kidole kwa muda, itakuonyesha anwani ya tovuti inayoituma. Kisha ndani ya Chrome, mipangilio, mipangilio ya tovuti, arifa, uifute kwenye orodha ya zilizoruhusiwa. Usiguse kabisa kile kitufe cha "safisha sasa."

Matangazo yakitokea kioo kizima ukiwa hata hujafungua kivinjari, hiyo ni programu uliyoipakia. Washa simu kwenye hali salama: kwenye simu nyingi ni kushikilia kwa muda neno la kuzima kwenye menyu ya kuzima. Katika hali hiyo programu ulizopakia mwenyewe hazifanyi kazi. Matangazo yakikoma, umejua. Rudi hali ya kawaida, tazama ni zipi zimeruhusiwa kuonekana juu ya programu nyingine, na uanze kuziondoa kutoka iliyowekwa karibuni.

"Kila nikiingia inaniuliza neno la siri upya"

Ukiacha simu kwangu nakukatia kipande cha karatasi chenye namba. Ukirudi nacho sikuulizi jina wala unakaa wapi, nakupa simu yako. Tovuti nayo inafanya hivyo: ukiingia, inakuwekea kipande kwenye kivinjari, Kiswahili cha simu kinakiita kidakuzi. Kila ukirudi, kivinjari kinakionyesha. Kikipotea, maswali yanaanza upya.

Kinapoteaje? Unatumia hali fiche, ambayo vipande vyake vyote hutupwa ukifunga kichupo chake cha mwisho. Au una programu ya kusafisha inayofuta data. Au umefuta mwenyewe: unapofuta data ya kuvinjari, ondoa alama kwenye vidakuzi, bakiza kwenye picha na faili zilizohifadhiwa kwa muda. Hizo za pili ndizo zinazokupa nafasi bila kukutoa popote.

Kuna moja inayowachanganya hata wenzangu mafundi. Umeingia kwenye akaunti ukiwa Chrome. Kesho unagusa kiungo ndani ya Facebook, ukurasa unafunguka na kukuuliza neno la siri. Ni kwa sababu hauko Chrome. Facebook inafungua viungo ndani ya kivinjari chake kidogo, chenye vipande vyake. Gusa vitone vitatu pembeni, uchague kufungua kwenye kivinjari cha nje, utakuta umo ndani tayari.

Tarehe ya simu ikikosewa, nayo inaleta vituko: onyo kwamba muunganisho si salama, sesheni zinazokufa papo hapo. Simu iliyozimika betri mpaka mwisho wakati mwingine huamka ikiwa mwaka mwingine. Iweke ijipangie saa yenyewe kutoka mtandaoni.

Na tovuti za benki kukutoa baada ya dakika chache si ugonjwa. Zimepangwa hivyo. Usitafute dawa.

"Nilifanyia steshenari, sasa mtu anasoma meseji zangu"

Mji wetu una ule msemo, waja leo waondoka leo? Sesheni ya benki inaondoka leo. Ya Google, ya Facebook na ya WhatsApp zinakaa kama wageni waliopenda upepo wa Raskazone.

Mama mmoja aliunganisha WhatsApp yake na kompyuta ya duka ili achapishe risiti. Akafunga dirisha, akaondoka, na jioni akazima simu kwa hakika kwamba amekata. Hakukata. Vifaa vilivyounganishwa vinaendelea bila simu kuwa hewani. Vinatolewa vyenyewe ikiwa simu kuu haijatumika kwa zaidi ya siku 14. Yeye alikuwa anaitumia kila siku, kwa hiyo kompyuta ile ingekaa humo mwaka mzima.

Fungua WhatsApp, vitone vitatu, vifaa vilivyounganishwa. Utaona orodha, inaweza kuwa na vifaa vinne, na saa ya mwisho kila kimoja kilipotumika. Gusa usichokijua, ukitoe. Kwa Google, fungua akaunti yako, usalama, vifaa vyako, utaona kila simu na kompyuta ulikoingia, na unaitoa moja moja kutoka hapo ulipo. Facebook ina orodha kama hiyo kwenye kituo cha akaunti, sehemu ya neno la siri na usalama. Baada ya kutoa vya wageni, badilisha neno la siri. Fuata mpangilio huo, kisha rudi utazame orodha tena baada ya dakika chache.

Siku nyingine ukilazimika kutumia kompyuta ya watu, mwombe afungue dirisha la hali fiche, ulifunge wewe mwenyewe ukimaliza. Likifungwa, kile kipande cha karatasi kinakufa nalo. Akikuambia niachie neno la siri nitakumalizia, chukua vyeti vyako uondoke. Na anayeendelea kuchungulia akaunti ya mwenziwe anavunja Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, hata kama mlango aliukuta wazi.

Kabla hujaniletea

Njoo nayo jinsi ilivyo. Usiifyagie njiani, usiifute, usiizime kama inawaka (isipokuwa ile ya betri iliyovimba), maana orodha ya betri na ya data ndiyo inayonisimulia iliumwa wapi. Kama ni ya RAM ya GB 1 nitakuambia ukweli bila kukutoza: itakufaa kwa simu, meseji na WhatsApp, na huduma za pesa fanya kwa kupiga menyu ya nyota, ambayo haihitaji kivinjari wala nafasi mezani. Neno lako la siri usiniandikie kwenye kikaratasi. Nikihitaji kuona ndani nitakugeuzia simu uandike mwenyewe, na mimi nitatazama barabarani. Nafungua saa tatu. Ijumaa, baada ya swala.